Sakafu ya Bosibori

Kama umekuja kwangu kuniuliza kwa nini hatukupima DNA, rudi ulikotoka. Nimechoka. Kila Desemba wajukuu wanashuka kutoka Nairobi na simu zao, wanakunywa chai yangu, halafu mmoja anajikohoza: "Babu, ile kesi ya Gesima, si mngechukua tu sampuli?" Sampuli! Kituo kizima cha Kisii tulikuwa na Landrova moja, na hiyo haikuwa na breki ya mkono. Ukiegesha mlimani unatafuta jiwe. Kamera ilikuwa moja pia, ikizunguka kati yetu na Nyamira kama mgonjwa asiye na kwao. Hiyo DNA tungeitia wapi, kwenye soksi?

Kwa hiyo keti, nyamaza, nikueleze yote mara moja, na usinikatize na mambo ya televisheni.

Mimi nilikuwa polisi wa upelelezi. Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, kijana kutoka Mosocho, nyumba ya Wakatoliki kindakindaki, mama akisali rozari mpaka kuku wanalala. Shika hilo la Ukatoliki, litakuja kukuuma mbele.

Aliyenifundisha kazi ni Inspekta Mwadime, Mtaita, mtu mwembamba aliyezungumza Kiswahili kilichopigwa pasi. Alikuwa hodari, sitamkosea heshima. Shati lenye damu, wiki yangu ya kwanza, nililisokomeza bichi ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, nikafunga kifuniko vizuri, nikalipeleka Nairobi kwa Mkemia wa Serikali. Lilifika limeota ukungu wa kijani. Mwadime alisoma barua ya majibu mpaka mwisho. "Nyamweya," akasema, "umewapelekea uyoga." Tangu hapo najua: nguo yenye damu inaanikwa kivulini, si juani, ikikauka inafungwa kwa karatasi, na haiguswi na plastiki wala mkebe. Andika hiyo, itakusaidia kuliko hizo filamu zako.

Na hata ukiianika vizuri, jibu la siku hizo lilikuwa fupi. Damu ya binadamu. Ukibahatika, kundi la damu. Basi. Sasa nenda ukatafute Kisii na Nyamira yote watu wenye kundi hilo uwafunge.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Gesima, juu kule kwenye chai, aliishi mtu anaitwa Ombati na mke wake Bosibori. Wasabato wazuri, watu wa kanisa. Walikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa miaka kama tisa, Kwamboka, na siku hiyo alikuwa ametumwa kwa kina mamake Suneka. Jumamosi asubuhi ndugu mdogo wa Ombati, jina lake Makori, aliyekaa ng'ambo ya mpaka wa shamba, alienda kuwaita waende kanisani pamoja. Akawakuta wote wawili sebuleni wamekatwa kwa panga. Akapiga yowe. Ridge nzima, majirani wote wa mgongo ule wa mlima, ikaja.

Na ridge ikija, mwanangu, inakuja kweli. Wanaume wanakimbia huku na huku na fimbo wakiwafukuza wauaji ambao hawapo. Nyasi zote zimelazwa. Majani ya migomba yamechanwa. Nyayo? Ungetaka nyayo, ulikuwa na za kuchagua. Sisi tulikwama kwenye matope njiani, tukasukuma, tukafika mchana umeshaanza kuinama.

Unajua tulikuta nini? Usafi! Maiti zimeoshwa, zimelazwa kwenye shuka nyeupe. Sebule imesiribwa upya kwa mavi ya ng'ombe, mbichi, inang'aa, mistari ya vidole imepangika kama nywele zilizochanwa. Kina mama wameinama na makarai. Nyumba yenye damu sakafuni haiwezi kupokea wageni wa msiba, ndivyo walivyolelewa, nami ndivyo nilivyolelewa. Lakini wee! Nilishika kichwa. Mwadime alisimama mlangoni, mdomo wazi, halafu akauliza kwa upole wa mtu anayekaribia kulia, "Kina mama, nani aliwaambia mfanye hivi?"

Mama mmoja, Kerubo, jirani, mikono mpaka kwenye viwiko imejaa samadi, akamjibu, "Na wewe kwenu mnaomboleza ndani ya damu?"

Hapo ndipo Mwadime alipoingia chumba cha kulala, ambako kina mama hawakuwa wamefika. Akaniita. Sakafu ya chumbani, upande wa kitanda na wa mkeka wa mtoto, nayo ilikuwa imesiribwa, si zamani, rangi bado mpya, ila imekauka kabisa. Sebuleni mbichi, chumbani kavu. Kina mama wakaapa hawajakanyaga huko.

"Nani amesiriba huku," akaniuliza, "na lini?"

Nakiri lilikuwa swali zuri. Nadharia yake ikajijenga pale pale. Mauaji yalianzia chumbani, damu ikamwagika chumbani, na mtu wa nyumba ya karibu akaifunika kabla ya yowe kupigwa. Mtu wa nyumba ya karibu ni nani? Makori na mkewe. Kuna ugomvi wa mpaka, chifu anaujua. Shati la Makori lina damu. Panga la Makori limeoshwa linameta. Mwadime alihesabu hayo kwenye vidole, na mimi nilikuwa nikitingisha kichwa kama mjusi.

Ili kujua, ilibidi kufunua ile tabaka kavu. Damu ikiwa chini yake, mtu ameifunika. Ikiwa hakuna, nadharia imekufa. Rahisi namna hiyo! Mwadime akachokoa kwenye pembe, shimo la ukubwa wa sahani. Tochi yetu ilikuwa inakufa, hatukuona kitu cha kuapia. Akasema tusiguse zaidi mpaka kamera ije, tupige picha tabaka kwa tabaka, tutoe kipande kizima. Ndivyo kazi inavyotakiwa. Kamera iko wapi? Nyamira, kwenye kesi ya duka. Tukamwacha askari tawala mmoja alinde mlango, kijana mpole wa Nyamira hiyo hiyo, Ongeri. Mwadime akamwambia mara mbili: mtu asiingie, hata chifu, hata mimi nikija bila kamera.

Asubuhi tukarudi na kamera. Nikaingia chumbani. Hakukuwa na shimo.

Sakafu nzima ya chumbani ilikuwa mbichi, inang'aa, mistari imepangika.

"Ongeri!" Mwadime alipiga kelele mpaka ng'ombe wakageuka.

"Afande, walikuja kina mama." Kijana alikuwa amesimama wima, jasho linamtoka. "Niliwaambia hapana, afande. Wakaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikawaambia. Wakasema wanamjua mama yangu. Wakasema wageni wanatoka Suneka kuzika binti yao Bosibori, watakuta nyumba imechimbwa shimo kama ya fuko? Mama Kerubo akaniuliza, mamako akifa utaacha shimo?"

"Ukafanya nini?"

"Niliwachotea maji, afande."

"Uliwachotea maji?"

"Karai ilikuwa nzito."

Usicheke. Au cheka, mimi mwenyewe hucheka siku hizi, lakini siku ile nilitaka kukaa chini niote mizizi. Mgusii gani mwenye mama angewazuia wale? Ningekuwa mimi ningechota maji na kuleta samadi. Tulichimba tena, tukapata uji: samadi ya juu, ya chini, udongo, maji, yote kitu kimoja. Tukapeleka Nairobi hata hivyo. Jibu likaja kwamba ni samadi na udongo. Asante sana.

Kuwauliza wale kina mama habari ya chumba kile nako kulinishinda. Sisi tuna kitu tunaita chinsoni, heshima ya aibu. Chumba cha kulala cha wakubwa hakizungumzwi mbele ya watoto wao, na kwa Kerubo mimi nilikuwa mtoto. Nilijaribu. Nikasema, "Mama, kule ndani..." Akanitazama. Nikaishia kumuuliza habari ya mvua. Mwadime yeye hakuwa na chinsoni, lakini hakuwa na Ekegusii, na mkalimani wake alikuwa mimi.

Makori akakamatwa siku hiyo hiyo, kaburi la ndugu yake likichimbwa. Aliomba azike kwanza. Akakataliwa, kwa sababu umati ulikuwa umeshaanza kumtupia madongo. Alipotiwa kwenye Landrova aliangalia lile kaburi mpaka tukakata kona.

Sasa tupime vile vitu, wewe unayejua sana. Shati lina damu: mtu aliyemwinua ndugu yake aliyechinjwa angetoka na shati gani, la Krismasi? Panga limeoshwa: Makori alisema waliosha vyombo vyote vya kazi Ijumaa jioni, maandalizi ya Sabato. Mwadime akacheka. "Nani anaosha panga Ijumaa?" Mimi, Mkatoliki wa Mosocho, ambaye kwetu usafi wote ni Jumamosi, nikacheka naye. Ugomvi wa mpaka: nionyeshe ndugu wawili wa Gesima wasiogombana mpaka, nikununulie soda. Kilichobaki ni sakafu. Sakafu ndiyo iliyomweka rumande, na sakafu tulikuwa hatuna. Mwisho wa yote akaachiliwa kwa kukosa ushahidi.

Kuachiliwa kwa polisi na kuachiliwa na ridge ni vitu viwili. Watu waliacha kula kwake. Kanisani benchi lake lilikuwa lake peke yake. Nadharia nyingine zilikuwepo, ewe: wezi wa ng'ombe waliopita, kibarua aliyefukuzwa, uchawi, mchumba wa zamani wa Bosibori. Kila baa ya Kisii ilikuwa na mpelelezi wake. Lakini ukisikiliza mwisho, wote walirudi kwa Makori. Yule mtoto, Kwamboka, akalelewa na wajomba Suneka, akakatazwa kukanyaga kwa baba yake mdogo.

Miaka ikapita, ya sabini ikaenda kuisha. Mwadime alikuwa amestaafu, amerudi Taita. Siku moja akaja msichana kituoni, mrefu, amevaa sweta la kijani, ana uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Akasema, "Afande, mimi ni Kwamboka wa Ombati. Naolewa. Wanaleta ng'ombe."

Nikampa pole, nikampa hongera, sikujua nianze na ipi.

"Mahali pa baba lazima akae ndugu ya baba," akasema. "Anayebaki ni mmoja. Wazee wanasema hafai, wajomba wanasema hafai. Yeye mwenyewe ametuma neno kwamba hatakuja, asiniharibie. Nataka kujua, ng'ombe zangu zipokelewe na mkono uliomuua mama?"

"Mtoto wangu, sisi hatukuweza..."

"Sikuulizi mliweza nini. Niambie mliona nini."

Basi nikamwambia. Alikuwa na haki. Nikamwambia shati. Akatikisa kichwa. Nikamwambia panga. Nikamwambia mpaka wa shamba, naye akanikata: "Mpaka uko pale pale. Nilienda kuangalia. Chai ya baba anaipalilia, na hajaiingiza kwake hata shina." Hilo sikulijua. Mtu anaua kwa ajili ya shamba halafu halichukui?

Nikafika kwenye sakafu. Nilimweleza taratibu, chumbani kavu, sebuleni mbichi, kina mama hawajafika kule, nani alisiriba. Nikaona ananiangalia kama vile nimeanza kuongea Kichina.

"Afande, ilikuwa Ijumaa."

"Waliuawa Ijumaa usiku, ndiyo."

"Ijumaa mama alikuwa anasiriba! Kila Ijumaa. Anaanza chumbani mchana mapema, kwa sababu hapo ndipo tunalala, lazima pakauke. Halafu ndiyo anakuja sebuleni. Mimi ndiye nilikuwa namchotea maji." Akasimama. "Mlidhani analaza mtoto wake kwenye tope?"

Kijana, nisikilize. Siku ile tulikula kwenye ua wa Ombati, mimi na Mwadime. Tulipewa matoke baridi kwa kuwa Wasabato hawawashi moto kupika siku yao, chakula kimepikwa Ijumaa, na tulinung'unika kwamba ni baridi! Kuni zilikuwa zimepangwa ndani. Mitungi imejaa maji. Nguo za kanisa zimekunjwa juu ya kiti. Nyumba nzima ilikuwa inapiga kelele Ijumaa, Ijumaa, na akili zetu zikakomea kwenye sufuria, zikashindwa kushuka hadi sakafuni. Lo! Hata leo nikikumbuka natamani kumpiga mtu kofi, na Mwadime ameshakufa.

"Kwa hiyo hakumuua," akasema.

"Sikusema hivyo." Ilibidi nimwambie ukweli. "Kilichomshika hakipo tena. Aliyewaua simjui."

Alifunga sweta lake vifungo vyote. "Inatosha," akasema. "Utakuja siku ya ng'ombe. Uje bila kofia ya polisi."

Nilienda. Gesima ilikuwa imejaa, wakwe wamekaa upande mmoja na fimbo zao, wazee wa ukoo upande mwingine wamekunja nyuso. Kiti cha baba kilikuwa kitupu. Kwamboka akatoka kwenye nyumba ya mamake, akavuka mpaka kwa miguu mbele ya watu wote, akarudi amemshika mkono mzee aliyekondeana, shati limefungwa hadi shingoni. "Huyu ndiye Tata," akasema, yaani baba yangu. Wazee wawili wakainuka wakaondoka. Mwingine akanijia moto, "Wewe polisi, si wewe uliyemfunga?"

Nikasimama nikawaeleza, kwa Ekegusii, sakafu ya Bosibori na Ijumaa yake. Nilitumia maneno mengi. Nilipomaliza, kutoka kwa kina mama ikaja sauti ya Kerubo, kizee sasa, hana meno:

"Kumbe hilo ndilo lililokuwa linawasumbua? Si kila mtu anajua Bosibori alisiriba Ijumaa? Tulisema hatujafika kule, kwa sababu hatukufika."

"Mama," nikasema, sauti imenipanda, "mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Wewe uliniuliza mvua."

Watu wakaangua kicheko, wakwe nao, hata mimi nusura. Makori peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti, mikono juu ya magoti, akinitazama. Nilifikiri atanitukana, nami nilikuwa tayari kutukanwa, ningemsaidia maneno. Kicheko kikaisha. Akaniita nisogee, akasema polepole, ili wengine wasisikie:

"Afande, basi ni nani aliyemuua ndugu yangu?"

Miaka yote ile. Ridge nzima ilikuwa na jibu, kila baa ilikuwa na jibu, sisi tulikuwa na faili. Huyu mtu mmoja ndiye aliyekuwa amekaa ng'ambo ya mpaka anauliza, na hakuwa na wa kumuuliza.

"Sijui, mzee," nikamwambia. "Hatukumpata."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia lile ambalo mtu yeyote huambiwa siku ya kwanza ya msiba, ambalo yeye hakuwahi kuambiwa na mtu.

"Pole kwa kufiwa na ndugu yako."

Makori akainamisha kichwa, akalia, na kina mama waliposikia wakaanza kumwombolezea Ombati upya.